Kwa Nini Vifaranga wa Trauti Hukimbia Mwanga? Majibu kwa Wasomaji

Safu hii imezoea kupokea maswali ya changu, nguru na mwatiko, na ndivyo inavyostahili kuwa katika jarida la Mombasa. Hata hivyo, tangu tulipogusia salmoni wanaouzwa wakiwa wamegandishwa katika maduka makubwa ya Nyali, wasomaji kadhaa wameandika kuuliza habari za samaki hao na ndugu zao trauti, na karibu wote wanauliza jambo moja: samaki hao wanaishi vipi katika majuma ya mwanzo baada ya kutoka katika yai? Nimechagua barua chache na kuzijibu hapa kwa pamoja.

Swali: *Assalaam aleikum, mwalimu wetu. Mimi ni kijana wa Majengo na nimepata kazi katika shamba la trauti karibu na Nyeri, upande wa kuangulia mayai. Siku mayai yalipoanza kuanguliwa, maji ya trei yalitoa povu. Tangu hapo vifaranga wamelala chini ubavu, na kila ninapofunua kifuniko hutapatapa na kurundikana kwenye pembe moja. Msimamizi anasema nisiwape chakula bado. Naogopa wanakufa kwa njaa au kwa ugonjwa. Nifanyeje?*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Vifaranga wako ni wazima, na ningepata wasiwasi zaidi kama ungeniandikia kwamba wanaogelea huku na huko juu ya maji siku ya pili baada ya kuanguliwa. Kifaranga wa trauti, sawa na wa salmoni, hutoka katika yai kabla mwili wake haujakamilika: ana urefu wa sentimita moja na nusu hivi, kinywa chake hakijawa tayari kula, kifuko cha hewa kinachomwezesha samaki kuelea bado ni kitupu, na chini ya tumbo amebeba mfuko wa kiini wenye rangi ya machungwa, mkubwa kiasi cha kumshinda uzito. Kulala kwake ubavu kunatokana na mzigo huo. Hana njaa, kwa kuwa mfuko huo ndio masurufu yake ya safari nzima, na msimamizi wako amekueleza sawasawa. Chakula utakachokitia sasa hakitaliwa, kitaoza chini ya trei na kuchafua maji ambayo vifaranga wanayategemea.

Povu nalo lisikutishe. Kifaranga akikaribia kutoka, tezi zilizo kichwani mwake humwaga kimeng'enya kinacholainisha ganda kwa ndani, naye hujipindapinda mpaka ganda linapasuka. Mayai mengi yakifanya hivyo kwa wakati mmoja, vitu vinavyotoka humo huyafanya maji yatoe povu. Linalohitaji bidii yako siku hiyo ni kuondoa maganda matupu, maana yakielea hadi kwenye wavu wa kutolea maji huuziba, na trei ikifurika utawapoteza vifaranga wengi kwa saa moja.

Sasa tuje kwenye kule kurundikana. Katika mto, mama huchimba shimo kwenye changarawe kwa kupiga mkia, hutaga humo, dume hurutubisha, kisha mama huchimbua changarawe ya upande wa juu wa mto ili maji yaisukume na kuyafunika mayai. Kifaranga huanguliwa humo gizani, chini ya mawe, na anazaliwa na hulka tatu zinazomfanya abaki hapo: hukimbia mwanga, huelekea chini, na hutulia pale tu mwili wake unapogusa kitu kigumu. Siku za mwanzo baadhi yao hushuka chini zaidi ya pale walipoanguliwa. Mtoni hulka hizo humficha asionekane na ndege wala samaki wakubwa, na humkinga asichukuliwe na mkondo. Kwenye trei yako iliyo tupu na laini, hulka zilezile humponza: akikimbia mwanga hapati jiwe la kujificha chini yake, hupata ukuta wa trei na miili ya wenzake, basi wote hulundikana mahali pamoja na wale wa chini kabisa hukosa oksijeni.

Dawa yake ni rahisi kuliko unavyofikiri. Acha kifuniko mahali pake, na ukilazimika kutazama, tumia taa hafifu na ufunike upesi. Hakikisha maji yanaingia kwa kuenea trei nzima badala ya kupita upande mmoja. Kama msimamizi atakubali, tandika chini kitu chenye mashimo na matuta, iwe changarawe safi au wavu wa plastiki, ili kila kifaranga apate mahali pa kujiegemeza. Imeonekana mara nyingi katika vituo vya kuangulia kwamba vifaranga waliolala juu ya kitu kama hicho hufikia siku ya kuanza kula wakiwa wakubwa kuliko wale wa trei tupu, na sababu yake iko wazi: kila kutapatapa hulipiwa kutoka katika kiini, na kiini kilichotumika kwa fujo hakijengi mwili. Yanayopaswa kukutia hofu ni madoa meupe ndani ya kiini, au mfuko uliovimba kwa maji na kuwa na rangi ya buluu. Hayo huja mara nyingi pale maji yanapokuwa mabovu au vifaranga wanaposhikwashikwa, na ukiyaona mwite msimamizi siku hiyohiyo.

Ama chakula, utajua wakati wake kwa kuwatazama. Utaona kiini kimepungua hadi kuwa mstari mdogo tumboni, na vifaranga wengi, kama nusu hivi, wameanza kupanda juu wenyewe. Hapo wape chakula cha unga, kidogo kidogo na mara nyingi kwa siku. Usingoje kiini kiishe kabisa, kwa kuwa kifaranga aliyedhoofika kwa kukosa chakula katika siku hizo hubaki na kichwa kikubwa na mwili mwembamba, na wengi wa namna hiyo hawajifunzi tena kula.

Swali: *Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tudor. Wanafunzi wangu waliniuliza na sikuwa na jibu la kuwaridhisha: kifaranga aliyefukiwa chini ya changarawe anapumua vipi, na ni nani anayemwambia kwamba leo ndiyo siku ya kutoka?*

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza mambo mawili yaliyo magumu zaidi katika maisha ya samaki huyu, na majibu yake yanakutana kwenye kiini.

Siku za kwanza kifaranga hupumua hasa kwa ngozi. Matamvua yake bado ni machanga, lakini mishipa membamba ya damu imetandazwa juu ya mfuko wa kiini na kwenye utando wa mapezi, na oksijeni iliyomo majini hupenya hapo moja kwa moja hadi kwenye damu. Ukimweka kifaranga chini ya kioo cha kukuzia utaona mapezi mawili ya kifuani yakipepea hata akiwa ametulia kabisa. Yanayasogeza maji yaliyokwisha tumika na kuleta mapya juu ya mfuko. Kadiri mwili unavyokua na kiini kinavyopungua, matamvua huchukua kazi hiyo polepole. Kwa sababu hiyo tope na mchanga laini huua vifaranga wengi mahali ambapo misitu ya kando ya mto imekatwa: matundu kati ya mawe yakizibwa, maji hayapiti tena, na kifaranga hana namna ya kupata hewa hata kama mto juu yake unatiririka safi.

Swali la pili lina jibu refu zaidi. Kinachoongoza mwendo wa ukuaji ni joto la maji. Wafugaji wa samaki huzidisha idadi ya siku kwa nyuzi za Selsiasi ili kujua mayai yamefika wapi. Mayai ya trauti wa upinde wa mvua, yakiwa katika maji ya nyuzi 10, huanguliwa baada ya siku 31 hivi; katika nyuzi 4.5 huchukua takriban siku 80, na katika nyuzi 15.5 ni siku 19 tu. Kutoka kuanguliwa hadi kuanza kuogelea huongezeka majuma mawili au matatu katika maji ya nyuzi 10. Salmoni wa Atlantiki wa mito ya Scotland hutaga mwishoni mwa mwaka, maji yakiwa baridi sana, na vifaranga wake hawatoki katika changarawe hadi mwezi wa nne au wa tano, wakati ambapo wadudu wadogo wa majini wameanza kuwa wengi. Hakuna aliyewapa kalenda. Baridi ndiyo iliyowachelewesha kwa kipimo kinachofaa.

Kiini kinapokaribia kwisha, ndipo tabia yote inapogeuka, na mimi binafsi naona hili kuwa la ajabu kuliko mengine yote. Kifaranga yuleyule aliyekuwa akikimbia mwanga na kuelekea chini, sasa huanza kupanda. Hupita kwenye mianya ya changarawe akielekea juu, na akikutana na tabaka la mchanga lililoziba njia, husimama wima na kulipiga kwa kichwa mara kwa mara. Punje za mchanga hulegea na kuanguka nyuma yake, naye husogea juu hatua kwa hatua. Akifika karibu na uso wa changarawe hutulia, na wengi husubiri usiku ndipo watoke, kwa kuwa mchana maadui wanaona vizuri. Vifaranga wa shimo moja hutoka kwa wingi katika siku chache zinazofuatana, jambo linalowafaa, kwani samaki mlaji hawezi kuwamaliza wote kwa wakati mmoja.

Akiwa nje, kazi yake ya kwanza ni kupanda hadi uso wa maji na kumeza hewa. Hewa hiyo hupitia kooni hadi kwenye kile kifuko kilichokuwa kitupu, na tangu hapo anaweza kukaa katikati ya maji bila kuzama. Bila mlo huo wa hewa atalazimika kupiga mapezi bila kupumzika ili asianguke chini. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi, mwambie mmoja wao achore kifaranga akiwa na kiini kikubwa na mwingine amchore akiwa hana. Michoro hiyo miwili ikiwekwa pamoja ubaoni, darasa litaona lenyewe kwa nini wa kwanza hujificha na wa pili hutoka.

Swali: *Mwanangu, mimi nimevua miaka mingi hapa Mji wa Kale. Samaki wetu hutaga baharini, mayai yakaenda na maji, na Mwenyezi Mungu akawakuza. Hao wa Ulaya wana shida gani hata wafukie mayai chini ya mawe?*

Shikamoo, mzee wangu. Samaki wetu wengi wa bahari wamechagua wingi, na salmoni wamechagua ukubwa. Mwatiko jike mmoja hutaga mayai kwa mamilioni, kila moja likiwa na upana wa milimita moja na kitu, na huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Kinachotoka ni kiumbe chembamba mno, chenye kiini cha siku chache, ambacho hupeperushwa na mkondo pamoja na vijidudu vya bahari. Wale wachache wanaosalia ndio wanaokuja kuonekana kwenye vijito vya mikoko. Salmoni wa Atlantiki hutaga mayai yapatayo 1,000 hadi 2,000 kwa kila kilo ya uzito wake, na yai moja lina upana wa milimita tano hadi saba. Maji ya mito yao ni ya baridi na yana kasi. Yai likiachwa lielee huko litapigwa na mawe au kutupwa mbali, tena kiumbe mdogo asingepata cha kula katikati ya majira ya baridi. Basi mama huweka chakula chote ndani ya yai na kulifunika, na mtoto hatoki kutafuta riziki mpaka awe na macho makubwa, mapezi kamili na kinywa cha kukamata mdudu. Wako samaki wetu wanaolinda mayai yao pia, kama wale wadogo wenye mistari wanaokaa ndani ya maua ya bahari kwenye miamba, ila hao huyapepea mayai wenyewe. Salmoni huiachia changarawe kazi hiyo.

Swali: *Kaka, nilimwona mwanangu akitazama picha za vifaranga wa trauti wakifukuzana na kuumana mtoni. Je, ndugu wa tumbo moja wanagombania nini, ilhali mto ni mkubwa? Mama wa watoto wawili, Kisauni.*

Dada yangu, mto ni mkubwa lakini mahali pazuri ni pachache. Kifaranga aliyeanza kula haendi kutafuta chakula. Husimama nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea juu ya mkondo, na kungoja maji yamletee wadudu. Mahali panapofaa ni pale ambapo mkondo una kasi ya kutosha kuleta chakula lakini hauchoshi, kando kukiwa na kivuli cha kukimbilia. Aliyetoka mapema katika changarawe hupashika kwanza, na mara nyingi mwenye kutangulia humshinda mgeni hata kama mgeni amemzidi kidogo kwa mwili. Ugomvi huanza kwa vitisho: kutandaza mapezi, kuinua mgongo, kusogeleana ubavu kwa ubavu. Asiposikia mmoja, hung'atwa. Katika salmoni wa Atlantiki anayekubali kushindwa hubadilika rangi ya mwili kuwa nyeusi zaidi, na hata weupe wa jicho lake huingia giza. Mshindi akiona hivyo hupunguza mashambulizi. Nadhani hata sisi wazazi tungefurahi kuwa na alama kama hiyo nyumbani.

Kuhusu udugu, umegusa jambo la kweli. Salmoni na trauti wadogo huweza kuwatambua ndugu zao wa damu kwa harufu, na imeonekana kwamba wakiwa kati ya ndugu hugombana kidogo kuliko wakiwa kati ya wageni. Lakini kidogo si hapana. Wengi wanaofukuzwa huchukuliwa na maji kuelekea chini na kufa katika majuma hayo ya mwanzo. Mtafiti J. M. Elliott, aliyefuatilia trauti wa kijito cha Black Brows Beck nchini Uingereza tangu miaka ya 1960, alionyesha kwamba idadi ya kizazi kizima huamuliwa hasa katika kipindi hicho kifupi baada ya kutoka katika changarawe: wakiwa wengi mno, vifo huongezeka mpaka walingane na nafasi zilizopo.

Si salmoni wote walio wagomvi hivyo. Katika Bahari ya Pasifiki wako salmoni wa waridi, ambao vifaranga wake wakitoka tu hufuata mkondo moja kwa moja hadi baharini, tena hukaa kwa makundi bila kushika mahali. Asiyekusudia kukaa hana sababu ya kupigania nyumba.

Swali: *Naweza kufuga trauti kwenye bwawa langu la Mtwapa?*

Hapana. Mayai na vifaranga wanataka maji ya nyuzi 8 hadi 12, na wakubwa huanza kutaabika maji yakizidi nyuzi 20. Maji ya bwawa la Mtwapa hayashuki hadi hapo hata mwezi wa saba. Fuga mwatiko au perege.

Swali: *Mito ya Mlima Kenya huingia Tana, na Tana huishia baharini karibu na Kipini. Nimesoma kwamba salmoni huzaliwa mtoni na kukulia baharini. Je, kifaranga wa trauti aliyezaliwa mlimani anaweza kushuka mpaka kwetu Pwani? Msomaji, Likoni.*

Ndugu msomaji, njia ya maji ipo, lakini kifaranga hawezi kuipita. Kwanza trauti ni wageni nchini. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, yakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Yai liliweza kuvumilia safari kama hiyo kwa sababu ya hatua moja ya ukuaji wake. Likishaonyesha macho mawili meusi ndani ya ganda, huwa gumu kuliko lilivyokuwa wiki iliyotangulia, ambapo mtikisiko mdogo tu ungeliua, na likiwekwa kwenye baridi hukua polepole mno. Miaka ya nyuma, mwaka 1864, mayai ya salmoni na trauti yalikwisha safirishwa kwa meli iitwayo Norfolk kutoka Uingereza hadi Australia, kisha Tasmania, yakiwa yamefunikwa kwa majani laini ya kinamasi na barafu, na trauti wakaanguliwa huko.

Trauti wetu wanaishi katika vijito vya juu, vyenye maji baridi. Wakishuka wanakutana na maji yanayozidi kuwa ya vuguvugu, kisha mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na baada ya hapo Tana ya Garissa na kuendelea chini ina joto lisilovumilika kwao. Katika nchi za baridi mambo ni tofauti: baadhi ya trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua huenda baharini kwa hiari na kurudi wakiwa wakubwa.

Swali lako lina upande mwingine, yaani kifaranga anajuaje aelekee wapi. Sehemu ya jibu ni harufu: kabla ya kwenda baharini salmoni huweka katika kumbukumbu harufu ya maji ya kwao, na Arthur Hasler pamoja na wenzake huko Wisconsin, Marekani, ndio walioanza kulithibitisha hilo katika miaka ya 1950. Sehemu nyingine amezaliwa nayo. Salmoni wekundu wa Pasifiki hukulia ziwani wakiwa wadogo. Wale ambao wazazi wao hutaga katika mito inayoingia ziwani, wakitoka katika changarawe hufuata maji kwenda chini. Lakini katika mto Chilko, Kanada, wazazi hutaga pale maji yanapotoka ziwani, na vifaranga wake, wasiozidi sentimita tatu na ambao hawajawahi kuliona ziwa hilo, hugeuka na kuogelea dhidi ya mkondo kandokando ya ukingo mpaka wanalifikia.